Sahani Hairudi Tupu

Fordsburg, Johannesburg
Jumapili, 12 Agosti 2001

Shangazi Rugaya,

Barua hii unaletewa na Nazeem, yule dereva wa basi la usiku aliyekulia nyumba ya tatu kutoka kwenu. Kanala, nakusihi, usimpe yale maandazi yako ya shira, koesister, zaidi ya mawili. Ameniambia wewe humpa sita kila akipita, na tumbo lake sasa linagusa usukani.

Naandika kwa sababu simu yenu iko ukumbini, hatua mbili kutoka kwenye cherehani ya Baba. Kila nikipiga nasikia cherehani inanyamaza. Anasikiliza kama nitalia. Sijalia, mwambie. Ila usimwambie kwamba nimekuambia umwambie.

Miezi minane imekwisha. Unakumbuka maneno yake, maana ulikuwepo na ulimrushia kitambaa cha vyombo: "Mwaka mmoja, Faldiela. Labarang, Idi ya mfungo ujao, ikikukuta huna kazi ya kudumu, unarudi Bo-Kaap na unakaa kwenye kile kiti ofisini kwa Toyer muuza matairi." Nimeota kile kiti mara mbili. Kinanuka matairi.

Sasa sikiliza. Hapa hotelini, jiko la keki, tuko wanne chini ya mpishi mkuu, Bwana Viljoen. Mimi na Tumelo tuko kwenye majaribio, Rina ana kazi ya kudumu, na Petrus ndiye mkuu wa meza. Rina anaolewa Desemba na kwenda zake Namibia. Nafasi yake itakuwa moja, sisi tuko wawili. Tumelo ana mkono mwepesi kwenye chokoleti. Mimi nina mkono mwepesi kwenye unga. Basi ndiyo hali.

Uliniuliza kama kazi hii inalisha. Nimewauliza wenzangu mishahara yao waziwazi, wakanicheka, eti watu wa Cape Town hatuna haya. Wa majaribio tunapata randi 1,600 kwa mwezi. Rina anapata 2,800 na bima ya matibabu. Petrus 4,500, baada ya miaka kumi na moja na mgongo uliopinda. Viljoen hasemi, lakini ana gari linalofunguka paa. Kwa hiyo ngazi ipo, Shangazi. Ni nyembamba, lakini ipo. Naingia kazini saa kumi alfajiri, natoka jioni, na nikifika chumbani bado mikono inanuka siagi. Naipenda harufu hiyo kuliko mshahara wenyewe, ila hilo nalo usimwambie Baba.

Mwanao,
Faldiela


Bo-Kaap, Cape Town
26 Agosti 2001

Faldiela mtoto wangu,

Anayeandika ni Galiema wa mlango wa pili, kwa sababu nimepoteza miwani. (Miwani iko kichwani kwake. G.) Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kuongeza lake.

Tramakassie, asante, kwa barua. Nimesomewa mara tatu, kisha nikawasimulia watu wa foleni ya koesister ya Jumapili, isipokuwa pale pa gari la Viljoen. Pale nilisema ana magari mawili. Mtaa mzima sasa unajua kwamba Desemba utakuwa mpishi wa keki wa kudumu kwenye hoteli yenye ghorofa kumi na nne. (Aliwaambia ishirini. G.)

Baba yako ni yuleyule. Jana kasema, "Unga haujengi nyumba." Nikamwambia, "Hii nyumba unayoshonea imepakwa rangi kwa koesister za miaka thelathini na saba, na ile rangi ya waridi uliichagua mwenyewe." Akakanyaga cherehani kwa nguvu nisisikike. Msamehe. Tangu mama yako afariki ukiwa na miaka minne, anaogopa kila kitu ambacho hakiwezi kupimwa kwa utepe.

Mimi ni mzima. Mikono ni mizima. Jumapili hii tulikaanga mia tatu, na saa tatu asubuhi hazikubaki hata za Nazeem. Nilikanda mwenyewe, nikakata mwenyewe, nikachovya kwenye shira mwenyewe. (Sina la kuongeza. G.)

Neno moja tu la kazi. Popote ulipo, usisahau sahani. Ile yangu ya bati ya buluu iliyobanduka ukingo imeingia kila mlango wa mtaa huu na haijarudi tupu hata siku moja, hata mwaka ule baba yake Galiema alipokosa kazi na ikarudi na limau mbili. Mpishi asiyejua jirani yake anapika kwa ajili ya kabati la kioo.

Shangazi yako,
Rugaya Samsodien
kwa mkono wa Galiema


Fordsburg
Jumapili, 25 Novemba 2001

Shangazi, na Bi Galiema mwenye mabano,

Leo ni siku ya tisa ya mfungo. Mfungo ndani ya jiko la keki, acheni tu. Siwezi kuonja. Krimu naijua kwa jinsi inavyodondoka kwenye kijiko, na sukari naipima kwa pua. Nikishindwa namwita Tumelo anionjee. Huyu ndiye ninayeshindana naye, na bado ananiambia kweli. Juzi alisema, "Dada, hii ina chumvi kama machozi," akanisaidia kuimwaga kabla Viljoen hajaingia. Nikipata nafasi mimi, nitaona aibu kumtazama.

Viljoen ameanza kunikabidhi ile mikate ya siagi yenye umbo la mwezi mchanga. Wiki iliyopita alikata mmoja, akatazama matabaka ya ndani, akasema "Hm." Petrus ananiambia yeye ilimchukua miaka mitatu kupata ile "Hm". Uamuzi wa nafasi ya Rina ni Ijumaa ya tarehe 14 Desemba. Nahesabu siku.

Sasa nikuambie kilichokuwa kinaniuma. Kila siku saa kumi na moja jioni, keki zilizobaki kwenye kabati la vioo zinamwagwa. Keki nzima, Shangazi! Pai za pea, vikeki vya limau. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikigeuza uso. Lakini siku ya kwanza ya mfungo, nikiwa nimeshika trei juu ya pipa, ikanijia picha ya Bo-Kaap saa ileile: watoto wanapishana na sahani zilizofunikwa vitambaa kabla ya adhana, na wewe mlangoni unapiga kelele, "Shika kwa mikono miwili!" Mkono ukakataa kumwaga.

Nikachukua sahani, nikapanga, nikafunika kitambaa kisafi, nikampelekea Mzee Hlungwani. Ni mlinzi wa lango la nyuma, mtu wa Giyani huko kaskazini, si Mwislamu, lakini kila alfajiri hunisindikiza kutoka kituoni hadi mlangoni kwa sababu giza la mjini halimpendi mtu. Alifunua kitambaa, akaniuliza, "Nani amefariki?" Nikacheka hadi nikakaa chini. Nikamwambia kwetu hivi ndivyo mwezi huu unavyopita. Kesho yake sahani ikarudi na karanga za kuchemsha. Hakuna aliyemfundisha!

Sasa kila jioni sahani inakwenda langoni, na ya pili kwa akina mama wa chumba cha kufulia. Kwa mara ya kwanza tangu nije Johannesburg sijisikii mgeni.

Faldiela


Bo-Kaap
29 Novemba 2001

Faldiela,

Huyo ndiye mtoto niliyemlea. Nimelia kidogo. (Sana. G.) Nimemsimulia baba yako pale pa karanga. Sindano aliishika hewani hadi nikamaliza.

Nakutumia kwa Nazeem maganda ya chenza niliyokausha juani, yatie kwenye unga Viljoen asipoangalia. Na tarehe 14 usivae viatu vinavyolia. Wakubwa hawapendi kumsikia mtu kabla hawajamwona.

Miwani bado sijaiona.

Rugaya


Fordsburg
Jumanne, 4 Desemba 2001

Shangazi mpenzi,

Maganda ya chenza yamefika, yananukia chumba kizima. Asante. Huku kila kitu ni kizuri tu. Kazi inaendelea. Hali ya hewa ni nzuri, mchana huu mvua ilinyesha nikaitazama dirishani tangu saa tano hadi ilipokatika. Mwenye nyumba wangu ana paka, amezaa wanne.

Kama ukiandika, Nazeem anipe barua hapa chumbani mkononi, asiiache hotelini.

Umwambie Baba asiwe na wasiwasi. Ofisi ya Toyer si mahali pabaya sana, nikifikiria vizuri. Matairi hayaharibiki.

Nawapenda wote.
Faldiela


Bo-Kaap
6 Desemba 2001

Faldiela,

Safari hii hakuna mabano. Ni mimi Galiema peke yangu, na Rugaya hajui. Akijua, sahani ya buluu itanipiga kichwani.

Nimesoma barua yako kwa sauti kama kawaida, na nilipomaliza tulitazamana. Mpishi wa keki anayetazama mvua saa tano mchana? Na tangu lini wewe ukasema jambo jema juu ya matairi? Shangazi yako kasema, "Amechoka na mfungo tu," akaenda kulala bila kunibishia hata kidogo. Nikajua hajaamini.

Kwa hiyo nitakuambia ya kwetu, nawe utatuambia ya kwako. Miwani haijapotea. Rugaya hawezi kushika kalamu. Ni baridi yabisi, vidole vyote kumi. Tangu Juni hajakanda unga. Koesister za Jumapili nakanda mimi. Yeye anakaa kwenye stuli pembeni ya jiko ananitukana kwa upole, halafu watu wakija anapokea sifa. Sijali. Amenilisha mwaka ambao nyumba yetu ilikuwa na limau mbili. Lakini daktari kasema mikono hiyo haitarudi, na usiku namsikia ukutani akiipaka mafuta na kuisemesha kama watoto wakaidi.

Hataki ujue, anaogopa utaacha kazi uje kumuuguza. Mimi nakuambia ili usije ukaambiwa na mtu wa foleni. Sasa, kanala, sema kweli. Umefanya nini?

Galiema Jappie


Fordsburg
Jumapili, 9 Desemba 2001

Shangazi Rugaya na Bi Galiema,

Bi Galiema, utanisamehe. Msomee Shangazi yote. Tumefichana vya kutosha, na sote hatujui kudanganya.

Nimesimamishwa kazi tangu tarehe 28 Novemba. Meneja wa wafanyakazi alisimama lango la nyuma saa kumi na mbili na nusu jioni, Mzee Hlungwani akiwa na sahani mapajani. Akamuuliza imetoka wapi. Mzee akasema, "Nimeokota." Alitaka kunikinga. Mimi nilikuwa natoka, nikasema, "Hapana, nimempa mimi." Basi.

Sheria ya hoteli ni kwamba mfanyakazi habebi chakula kwenda nyumbani, hata cha kumwagwa. Nilisaini karatasi yenye maneno hayo siku ya kwanza. Nilipoisoma nilielewa kwamba mimi nisibebe, mimi nisile. Naapa haikunijia hata mara moja kwamba inamhusu jirani. Nani anaandika sheria ya kumkataza mtu kumpa jirani? Petrus alinitazama kama mtoto mdogo. "Faldiela," alisema, "kwa karatasi zao huo ni wizi." Neno hilo nimelala nalo siku kumi na moja.

Kikao ni Ijumaa tarehe 14, siku ileile niliyokuwa naihesabu. Mzee Hlungwani naye ameitwa. Amebakiza miaka miwili kustaafu. Ikiwa atafukuzwa kwa sababu ya vikeki vyangu vya limau, sijui nitaukabili vipi uso wangu kwenye kioo.

Na Viljoen hajasema neno. Si baya, si zuri. Hata "Hm".

Nimeshafunga sanduku. Nadhani nisiende kikaoni. Nitapanda basi la Nazeem, nirudi, nikalie kile kiti cha Toyer wiki nzima na Jumapili nikande koesister mimi. Bi Galiema apumzike, na mikono yako, Shangazi, ipumzike. Baba atakuwa ameshinda, lakini labda alikuwa sahihi tangu mwanzo. Mtu akipenda kitu sana si lazima kimlishe.

Nisamehe kwa foleni ya Jumapili. Waambie ghorofa zilikuwa kumi na nne tu.

Faldiela


Bo-Kaap
Jumatano, 12 Desemba 2001

Faldiela,

huu ni mkono wangu. Usiucheke. Nimeanza baada ya sala ya alfajiri na sasa ni adhuhuri. Galiema nimemfungia nje.

Usiniletee habari ya kuja kunikandia unga. Mikono yangu si kazi yako. Nimeitumia vizuri, imechoka, haina deni na mtu. Galiema anakanda vibaya lakini anakanda.

Nitakuambia kitu ambacho baba yako hajawahi kukijua hadi jana usiku. Mnajua nilifanya kazi hoteli ya ufukweni nikiwa msichana, na mnajua niliacha kwa sababu nilizikosa Jumapili zangu. Ni uongo. Nilikaa pale miaka sita, 1958 hadi 1964. Keki za harusi zote za hoteli ile zilitoka kwenye vidole hivi. Mkuu wetu alipostaafu, kila mtu jikoni alijua ni zamu yangu. Wakamleta Hester, mtoto wa Kizungu wa miaka kumi na tisa, hajui hata kutenganisha ute wa yai. Nikaambiwa nimfundishe. Nikamfundisha. Miezi mitatu akawa mkuu wangu, kwa mshahara mara nne ya wangu. Alikuwa mtoto mwema, alikuwa akiniona analia. Siku moja nilivua aproni, nikaikunja, nikatoka. Nyumbani nikasema nimezikosa Jumapili. Niliona haya, kana kwamba ni mimi niliyekosa.

Sasa nisikilize. Mimi nilinyimwa kwa ngozi yangu. Hakukuwa na kikao, na kama kingekuwepo ningesema nini? Wewe unashtakiwa kwa sahani. Sahani inaweza kusemewa! Nenda. Usilie, usiombe, usidanganye. Sema ulichofanya na ulifanya kwa nini, msemee na yule mzee, halafu wafanye watakalo. Ukifukuzwa utatoka kwa mlango, si kwa dirisha kama mimi.

Nazeem amebeba sahani yangu ya buluu. Ina koesister kumi na mbili, amekanda Galiema, nimetukana mimi. Ingia nayo kikaoni. Wasijue tu kwa maneno.

Nakupenda zaidi ya mikono hii.

Rugaya


Fordsburg
Jumamosi, 15 Desemba 2001

Baba,

Hii ni barua yangu ya kwanza kwako, na nimeichana mara mbili. Nataka uisikie kutoka kwangu, si kupitia ukumbini.

Nilikwenda. Walikuwa watatu nyuma ya meza: meneja wa wafanyakazi, mtu wa sheria, na Viljoen mwishoni akitazama vidole vyake. Niliweka sahani ya Shangazi mezani, nikafunua kitambaa. Nikasema, "Hivi ndivyo ilivyokwenda langoni, wazi, jua bado halijazama, imefunikwa ili vumbi lisiingie. Sikuficha. Nimevunja sheria yenu, nimekubali. Lakini neno wizi si langu, na Mzee Hlungwani hakuomba kitu."

Kisha wakamwita Mzee. Alivua kofia akasema, "Kama ni wizi, basi nimeula wizi huo pamoja na watu saba, na wawili wanafua mashuka ya meneja. Waandikeni wote." Mtu wa sheria akakohoa kuzuia kicheko. Mzee amepewa onyo tu. Anabaki na lango lake, na pensheni yake. Nilitoka nje nikasujudu kwenye maegesho.

Mimi sikupata. Neno wizi wamelifuta, wameandika tu kwamba muda wangu wa majaribio umekwisha. Nafasi ya Rina amepewa Tumelo, naye anaistahili. Alinikumbatia kwa nguvu, chokoleti ikabaki begani mwangu.

Viljoen hakusema neno kikaoni. Ila alikula koesister moja, taratibu, akaitazama ndani kama alivyoutazama mkate wangu. Nilipofika langoni alinifuata. Akasema Melville, mtaa mwingine wa hapahapa Johannesburg, kuna Bi Mokoena mwenye duka la keki, anatafuta mtu wa unga. Ameshampigia simu. Hulipa randi 1,900, miezi mitatu ya majaribio, kisha wataona. Halafu akasema, "Ile sahani, ilibidi niseme kitu. Sikusema. Samahani." Akarudi ndani.

Kwa hiyo, Baba, hesabu ndiyo hii. Labarang ni keshokutwa mwezi ukiandama, mwaka wako umekwisha, na sina kazi ya kudumu. Nina majaribio mengine. Nimeshindwa sharti lako, na sitajifanya sikulielewa. Nataka kwenda Melville. Nataka kuliko kitu chochote. Lakini nilikupa neno. Ukisema nirudi kwa Toyer, nitarudi, na sitakununia.

Sahani ya Shangazi nairudisha kwa Nazeem. Jikoni kwa mwenye nyumba kuna oveni ndogo inayounguza upande mmoja. Nimeoka vikeki vya jemu ya aprikoti na nazi, ishirini na nne. Tangu niseme nataka kufanya kazi hii hujawahi kuonja mkono wangu. Ulikuwa unasingizia meno. Onja kimoja tu kabla hujaamua.

Binti yako,
Faldiela


Bo-Kaap
Jumapili, 16 Desemba 2001

Faldiela,

Mimi si mtu wa barua, najua kuandika vipimo tu.

Meno yangu hayana tatizo. Nimefuturu kwa vikeki vitano. Galiema anadhani ni vitatu. Upande mmoja vimeungua kidogo, kama ulivyosema, na bado ni vizuri.

Dada yangu aliniambia habari ya ile hoteli Jumanne usiku. Miaka yote hiyo niliamini kwamba unga ndio uliomchosha. Nilimwona akirudi ametoka pale na uso umezimika, mimi nikiwa kijana, nikasema moyoni, kazi hii inamla mtu. Ulipozaliwa na ukaanza kumfuata jikoni, niliogopa. Kumbe haukuwa unga. Nimekuwekea kile kiti cha Toyer kwa kosa ambalo halikuwa lako wala la shangazi yako.

Ndani ya kifurushi kuna koti jeupe la mpishi. Vifungo safu mbili, kitambaa cha pamba nzito, kinastahimili maji ya moto. Jina lako nimelitarizi kifuani, uzi wa buluu. Vipimo nimevitoa kwenye gauni lako la Labarang ya mwaka jana. Kama umenenepa kwa siagi, shauri yako. Nimeacha pindo kwenye mikono kwa sababu nimeona wapishi hukunja.

Kuna suti kumi na mbili za Labarang hazijaisha hapa, na wenyewe wamekaa ukumbini wananitazama. Wasubiri. Kila mtoto wangu huvaa nguo mpya siku hiyo, na hii ndiyo yako.

Nakuandikia na hili ulijue. Koti nilianza kulikata Jumatano asubuhi, shangazi yako akiwa amejifungia na kalamu yake. Kikao chako kilikuwa Ijumaa.

Toyer nimemwambia atafute mtu mwingine.

Mwezi wameuona sasa hivi, watu wanarudi kutoka ufukweni wakipiga takbira. Labarang njema, mwanangu. Koti limekunjwa juu ya sahani ya Rugaya. Sahani hiyo usimpe Nazeem. Ilete mwenyewe ukipata likizo, tukuone. Unajua haiji tupu.

Baba yako,
Igsaan Samsodien